Kifungo cha Helmeti: Somo la Baridi Kutoka Triathloni ya Aprili

Mhariri aliponiomba makala kuhusu maisha ya masomo ughaibuni, nadhani alitegemea theluji, upweke na bei ya unga wa ugali. Hayo yapo, na unga kweli ni ghali. Lakini kilichonifundisha zaidi mwaka huu hakikutokea darasani wala jikoni. Kilitokea kwenye uwanja wa kuegesha magari wa mji mdogo huku Scotland, Jumapili moja ya Aprili, mvua inanyesha, mimi nimesimama nahangaika kufungua kifungo cha plastiki cha helmeti. Kifungo chenyewe mtoto wa darasa la pili anakifungua kwa sekunde moja. Mimi nilihangaika nacho kama dakika nne na sikukifungua.

Naandika haya kama somo, na nina sababu. Pale Mlimani nilisomea elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Fiziolojia ya mazoezi nilipata A. Swali la jinsi mwili unavyopoteza joto nililijibu kwa mchoro na mishale, mhadhiri akaandika "safi" pembeni. Wenzangu wa vimbwetani watakumbuka nilivyokuwa nawafundisha usiku wa kuamkia mtihani, tena kwa mbwembwe. Kumbe mchoro ni mchoro tu.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana kwetu wengi hawaujui. Triathloni ni michezo mitatu mfululizo: unaogelea, unaendesha baiskeli, unakimbia. Saa haisimami unapobadilisha vifaa, kwa hiyo hata kuvaa kiatu ni sehemu ya mashindano. Mbio za kwanza zilizoitwa kwa jina hilo zilifanyika Mission Bay, San Diego, Septemba 1974, na mchezo ukaingia Olimpiki kule Sydney mwaka 2000. Umbali wa Olimpiki ni mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za kukimbia. Sprinti ni nusu yake: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Neno sprinti lisikudanganye. Mtu wa kawaida kama mimi anatumia zaidi ya saa moja, na anamaliza hoi.

Uingereza msimu unaanza mapema, wakati maziwa na bahari bado ni baridi mno kwa watu kuogelea kwa usalama. Kwa hiyo waandaaji wengi wa mbio za mwanzo wa msimu wanatumia bwawa la ndani na kupunguza kuogelea hadi mita 400. Inaonekana ni huruma. Kwa kweli mtego uko hapo hapo. Unatoka kwenye maji ya uvuguvugu, digrii 28 hivi, umelowa mwili mzima, umevaa kivazi chembamba cha kubana, unasukuma mlango, nje kuna digrii 5 na mvua, halafu unapanda baiskeli. Mtu akiniambia ameoga maji ya moto, hakujifuta, akapanda bodaboda usiku wa Julai kule Makete, ningemwita mwehu. Mimi nililipia kiingilio.

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Nimezaliwa Tanga, nimejifunza kuogelea Raskazoni kabla sijajua kusoma, na majini sina wasiwasi. Mazoezi ya majira ya baridi nilifanya yote. Bwawa ninaloogelea hapa Edinburgh lilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970, na kila nikipita mlangoni namkumbuka mzee wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye katika michezo hiyo alimaliza wa tano kwenye marathoni. Watu wengi wanamjua kwa Mexico 1968 tu, kwa goti lililoumia na bandeji, akiingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, wakati 75 ndio walioanza. Mimi nimelelewa na hadithi ile. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa akiisimulia kila mtu alipotaka kukaa chini. Ishike hiyo, nitairudia.

Na kulikuwa na kitu cha kushindania. Klabu yetu ya wanafunzi ilikuwa ikichagua timu ya mashindano ya vyuo, na nafasi ya mwisho ya wasichana ingeamuliwa na matokeo ya siku ile. Tulikuwa wawili tunaoigombea, mimi na binti mmoja Mwelshi ambaye kwenye baiskeli tunakwenda sawa na majini namwacha. Nikapiga hesabu usiku, kwa kalamu na karatasi. Kuvaa koti la mvua ukiwa umelowa: sekunde 30. Glavu: sekunde 20. Soksi: sekunde 15. Jumla dakika moja na sekunde tano. Nikasema sivai chochote, hiyo dakika naibeba. Ukweli mwingine ni kwamba glavu za baiskeli sikuwa nazo. Hela yake nilikuwa nimenunulia unga.

Asubuhi ile nahodha wetu alipita kwenye baiskeli zetu akitukumbusha tuvae. Kaka mmoja Mkenya wa Eldoret anayesomea uhandisi, aliyekuja kutushangilia na chupa ya chai, aliniangalia mabega akasema, "Dada, hii baridi si mchezo. Vaa kitu." Nikamjibu kwamba nikianza kupiga pedali nitapata joto. Jibu hilo ni kweli nusu, na nusu ya pili ndiyo iliyonimaliza.

Kuogelea kulikwenda vizuri mno. Bwawa la mita 25, kwenda na kurudi mara nane, nikatoka wa pili katika kundi langu. Nikakimbia peku kwenye lami iliyolowa, nikafunga helmeti (ni lazima uifunge kabla hujagusa baiskeli), nikaondoka. Yule Mwelshi nilimwona kwa mbali anaingia kwenye eneo la kubadilishia. Baadaye niliambiwa alijifuta kwa taulo, akavaa koti, akavaa glavu, akavaa na soksi. Wenzake wakamcheka.

Kilomita tano za kwanza nilikuwa na furaha ya kijinga. Sasa nikueleze kilichokuwa kinatokea ambacho sikukijua, au tuseme nilikijua na sikukikumbuka.

Maji yanapitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Nguo kavu inakulinda kwa sababu imeshika hewa katikati ya nyuzi zake, na ikilowa nafasi ile inajaa maji, ulinzi unakwisha. Halafu kuna kukauka. Kila gramu ya maji inayokauka juu ya ngozi inaondoka na kilojuli 2.4 hivi za joto lako. Kivazi kilichoshika gramu 200 za maji kinadai karibu kilojuli 480 ili kikauke, na mvua ikinyesha hakikauki, kinajazwa upya. Juu ya hayo kuna upepo unaoutengeneza mwenyewe. Kwa kanuni inayotumiwa na watabiri wa hali ya hewa wa Marekani na Kanada tangu 2001, hewa ya digrii 5 ikikupiga kwa kilomita 30 kwa saa, usoni unaisikia kama digrii 0. Na kanuni hiyo imetengenezwa kwa ngozi kavu. Dereva wa bodaboda wa Njombe hahitaji kanuni. Ndiyo maana anavaa koti zito hata jua likiwa limeshachomoza.

Upande wa pili wa hesabu ni injini. Misuli yetu si mashine nzuri sana: karibu robo tu ya nguvu inayotumika ndiyo inafika kwenye pedali, iliyobaki inakuwa joto. Ukisukuma wati 200, mwili unazalisha joto la wati 600 hadi 800. Ni kama pasi ndogo ya umeme. Kwa hiyo nilipomwambia kaka yule kwamba nitapata joto sikuwa nimekosea. Wakati wa kupanda mlima nilikuwa na joto kweli, hata nikawaza walio na makoti wanajichosha.

Lakini barabara ya mbio zile inapanda kilomita kumi za kwanza, inageuka, inashuka. Ukishuka husukumi pedali. Injini inazimika, na wakati huo huo kasi inapanda hadi kilomita 45, 50. Joto linakwisha pale pale ambapo upepo unazidi. Sikuwahi kuliona hili kwenye kitabu chochote likiwekwa hivyo, lakini ukilifikiria dakika moja linajieleza. Mwanafunzi mwenzangu wa fiziolojia, kama unasoma hapa, chora mchoro wa mteremko, siyo wa mlima tu.

Na injini hata inapowaka, haiwaki mikononi. Miguu inazunguka, mikono imeshika usukani tu, imetulia, iko mbele kabisa inapokea upepo. Mwili ukiona joto la ndani linapungua unabana mishipa ya damu ya vidole ili damu ya moto ibaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Ni uamuzi wa busara kwa mwili, ni hasara kwa mwendesha baiskeli. Ngozi ya kidole ikishuka chini ya digrii 15 hivi, ustadi wa vidole unaanza kupotea: neva zinapeleka habari polepole, viungo vinakakamaa, misuli ya kwenye mkono inayovuta vidole inakuwa mizito. Maumivu yanakuja kwanza, kisha maumivu yanaondoka. Yalipoondoka nilidhani nimezoea.

Kwenye mteremko wa pili nilitaka kubadili gia, kidole hakikwenda. Nikatumia kiganja. Kona ikaja, nikabana breki, au nilidhani nimebana. Baiskeli yangu ya mtumba ina breki za kubana rimu, na rimu zikilowa breki zinachelewa kushika hata kama mikono ni mizima. Nilipita ile kona nikiwa upande wa kulia wa barabara, na huku magari yanapita kushoto kama kwetu. Gari halikuwepo. Sina maelezo mengine ya kwa nini naandika makala hii. Gari halikuwepo.

Ungedhani baada ya hapo ningesimama. Sikusimama, na sikumbuki kama niliogopa. Ninachokumbuka ni hasira. Nilimkasirikia nahodha, nikaikasirikia mvua, nikamkasirikia mtu aliyenipita akisema maneno ya kunitia moyo. Hasira zile baadaye niliambiwa ni dalili.

Nikafika. Nikaning'iniza baiskeli. Kanuni inasema usifungue helmeti mpaka baiskeli iwe mahali pake, nami nilifuata. Nikapeleka mikono kidevuni. Vidole vikagusa kifungo lakini havikunipa habari yoyote, ilikuwa kama nashika kwa vijiko viwili vya mbao. Nikajaribu kwa vidole gumba. Nikajaribu kwa kiganja. Nikajaribu kuuvuta mkanda juu ya kidevu, ukanipiga mdomoni. Watu wanaingia, wanabadilisha, wanatoka kukimbia. Yule Mwelshi aliingia, akavua glavu kwa meno, akafungua helmeti, akaenda zake.

Mama mmoja mtu mzima wa huduma ya kwanza alikuja akaniuliza namba yangu. Nikamjibu. Akauliza tena. Nikamjibu kwa sauti kubwa zaidi, nikishangaa mama huyu ana tatizo gani la masikio. Akaniuliza leo ni siku gani, nikamjibu hilo nalo. Ni kaka wa Eldoret, aliyekuwa nje ya kamba, ndiye aliyepiga kelele, "Dada, unamjibu kwa Kiswahili!"

Sikujua. Ningeapa mahakamani kwamba nilikuwa nasema Kiingereza.

Mama yule akaifungua helmeti, akanishika kiwiko, akaniambia kwa upole kwamba siendi kukimbia. Refa akaja akathibitisha. Hapo ndipo nilipoleta fujo. Niliwaambia (sasa kwa Kiingereza, kibovu) kwamba zimebaki kilomita 5 tu, miguu yangu ni mizima, tazameni. Nikaonyesha miguu. Na kichwani mwangu, bila utani, nilikuwa namwona mzee Akhwari na bandeji yake. Mtanzania gani anakaa chini zikiwa zimebaki kilomita tano?

Wakaniweka kwenye hema, wakanivua nguo zilizolowa, wakanikausha, wakanifunika blanketi mbili na ile karatasi ya kung'aa. Kutetemeka kukaanza upya, kukawa kukubwa kuliko barabarani. Hilo pia lina maelezo yake: ukisimama, mwili unaendelea kupoa kwa muda, kwa sababu joto linaendelea kutoka katikati kwenda kwenye ngozi na misuli ya nje iliyokwisha kupoa. Ndiyo maana mtu anamaliza mbio akitabasamu, dakika kumi baadaye anaanguka. Walinipimia joto: 34.6. Kitabuni tulisoma kwamba chini ya 35 ni haipothemia, ya hatua ya mwanzo hadi 32, na kwamba ikizidi hapo mtu anaweza kuacha kutetemeka kabisa. Nilikuwa ukurasa wa kwanza wa sura ile, na nilikuwa naupinga.

Sasa turudi kwa dalili, kwa sababu hizi ndizo ningependa mwenzangu azijue hata asipowahi kugusa baiskeli. Mtu anaanza kudondosha vitu na kushindwa vifungo. Anajikwaa. Maneno yanakuwa mazito, au yanatoka kwa lugha isiyotegemewa. Ananuna na kubisha. Dalili zote hizo zinaonekana kwa mwingine vizuri kuliko kwa mwenyewe, maana chombo cha kujipimia ni ubongo, na ubongo ndio unaopoa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema "sikiliza mwili wako". Kwenye joto la Dar ushauri huo unafaa kiasi, kiu utaisikia na kizunguzungu utakisikia. Kwenye baridi na mvua mwili unakunyamazia. Maumivu ya vidole yanaondoka, woga unaondoka, unabaki na ubishi.

Kuna watu nyumbani walioniambia tatizo ni kwamba sisi hatukuumbwa kwa baridi. Sikubaliani. Mwaka 2018 marathoni ya Boston ilikimbiwa kwenye mvua kubwa, upepo wa mbele na digrii chache tu juu ya sifuri. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa mtetezi, aliongoza kwa umbali mkubwa, kisha akafifia na kupitwa maili za mwisho na Yuki Kawauchi wa Japani, mtumishi wa serikali aliyekuwa anakimbia baada ya saa za kazi. Ni rahisi kusema Mwafrika alishindwa na baridi. Lakini Wamarekani na Wahabeshi na wengine wengi wa kiwango cha juu walijitoa siku hiyo, na Kirui, aliyekatika vile, bado alimaliza wa pili. Kawauchi yeye tarehe 1 Januari mwaka huo huo alikuwa ameshakimbia marathoni nzima jimboni humo humo, kwenye baridi ya chini ya sifuri. Alikuwa amejizoesha. Kilicho kweli ni kwamba mtu mwembamba, popote alipozaliwa, anapoa haraka: mafuta ni machache, na ngozi ni kubwa ukilinganisha na uzito. Wanariadha wazuri wengi ni wembamba. Mimi si mzuri hivyo, ila wembamba ninao.

Na asije mtu akadhani ni mambo ya kuchekesha ya mwanafunzi na helmeti. Tarehe 22 Mei 2021, mkoani Gansu, China, wakimbiaji 172 waliingia mbio za milimani za kilomita 100. Mvua ya mawe, mvua ya baridi na upepo mkali vikawakuta juu, wengi wakiwa na kaptula na fulana nyembamba. Koti la kuzuia upepo halikuwa kwenye orodha ya vifaa vya lazima. Walikufa 21, wakiwemo wakimbiaji waliojulikana nchi nzima. Mchungaji mmoja wa kondoo aliokoa sita kwa kuwaingiza kwenye pango alimowasha moto. Wale hawakukosa mazoezi wala moyo.

Nimefikiri sana juu ya mzee Akhwari tangu siku ile. Nadhani nilimtumia vibaya. Yeye aliumia goti na bega. Alijua ameumia, alijua yuko wapi, alijua kinachomngoja akiendelea. Akili yake ilikuwa nzima na ndiyo iliyoamua. Mimi nilikuwa nataka kuamua kwa akili isiyojua inasema lugha gani. Hayo ni mambo mawili, na mwalimu wetu wa michezo hakuwahi kututenganishia. Sitamlaumu, Tanga hakuna wa kumfundisha mtu baridi.

Basi, mambo ya kufanya. Mengi ni ya kawaida, ya kupita haraka: punguza upepo wa tairi kidogo, epuka mistari myeupe na vifuniko vya mifereji kwenye kona, anza kubana breki mapema ili rimu zikauke, kula asubuhi, kwa sababu mwili usio na sukari hautetemeki vizuri. Anayetolewa kwenye baridi avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, afunikwe, apewe chai yenye sukari kama anaweza kushika kikombe na kumeza. Usimsugue mikono. Usimkimbize kwenye maji ya moto, mishipa inafunguka ghafla, presha inashuka, anaanguka. Na ile konyagi ya "kupasha mwili" inafungua mishipa ya ngozi na kutoa joto nje, hata kama kifuani unasikia moto. Wabeba mizigo wa Kilimanjaro wanayajua haya kuliko maprofesa, na baadhi wamepoteza maisha kwa kukosa koti tu.

La kukaa nalo ni hili: maamuzi ya koti fanya usiku, ukiwa mkavu, na uyafanye kwa namba. Mimi sasa nimeandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango. Chini ya digrii 10 na mvua, koti na glavu, hakuna mjadala asubuhi. Sekunde 65 zangu zilikuwa hesabu sahihi ya kitu kisicho sahihi. Nilihesabu muda wa kuvaa glavu, sikuhesabu muda wa kufungua helmeti bila glavu.

Na kuna zoezi ambalo unaweza kulifanya hata Ubungo, usiku wa leo. Chukua ndoo ya maji, nunua barafu za mfuko mbili tatu kwa mama wa jirani, zivunje humo. Ingiza mikono kwa dakika mbili, usizidishe, na kama vidole huwa vinakufa ganzi au vinabadilika rangi ovyo acha kabisa. Toa, kisha jaribu kufunga shati, kufungua kifuniko cha chupa, kuandika jina lako, kufunga na kufungua helmeti ya bodaboda. Mwenzako ashike saa. Nilifanya zoezi hili na wenzangu sita wa klabu kwenye jiko la hosteli. Tuligundua kwamba glavu za kidole kimoja kimoja hazivaliki kabisa kwenye mkono uliolowa, lakini zile za kitoto, vidole vinne pamoja na gumba peke yake, zinaingia hata ukiwa umekufa ganzi. Tuligundua pia kwamba kamba ndogo ya sentimita tano ukiifunga kwenye kifungo cha helmeti unaweza kuivuta kwa meno. Kaka wa Eldoret ndiye aliyeibuni hiyo kamba. Uhandisi umemsaidia.

Nafasi ya timu aliipata yule Mwelshi, kwa haki. Alimaliza dakika tatu nyuma ya muda wake wa kawaida, lakini alimaliza. Mimi ni wa akiba. Nilipompigia mama kumweleza, alisikiliza yote, helmeti, Kiswahili, hema, akanyamaza kidogo, akauliza, "Na hilo koti lilikuwa wapi?" Nikamwambia lilikuwa kwenye begi, mita mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. "Haya," akasema, na akanipa baba.

Mbio zinazofuata ni katikati ya Mei. Utabiri unasema digrii 9 na manyunyu. Glavu za kitoto zimeshafungwa kwenye usukani kwa mpira wa chupi.